Wenye muko na ampli ya home sinema mu nyumba: ipi inavumilia umeme wetu?

Kijana_Himbi (Goma)

Bandugu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi, salamu. Nataka kusikia watu wenye wako nayo mu saloni yao, hapana wale wanauzishaka. Tuko na televizio ya inchi 55, na tulikuwa na home sinema ya mu karton, ile ya kichwa kimoja na bafle tano za plastiki, ikakufa mwezi uliopita: inawaka, inaandika jina lake, inazimika. Sasa nataka ampli ya kweli, ile wanaitaka risiva, yenye unafunga bafle zako mwenyewe.

Sababu ya kwanza ni muzee. Baba iko na miaka 71, masikio imeanza kupunguka, kila magaribi anasogeza kiti karibu kabisa na televizio na ananiuliza "amesema nini? amesema nini?" paka jurnali inaisha. Nikipandisha sauti, muziki ya matangazo inapasua nyumba, mama analalamika, na jirani naye iko paka nyuma ya mbao. Nataka muzee asikie maneno, basi.

Niko na mambo mawili mbele yangu. Ya kwanza ni risiva ya okazio, 7.1 (bafle saba na subwufa moja, ile bafle ya sauti nzito), inatoka Marekani, nzito ya kubeba na mikono miwili, mwenye kuuzisha anaomba dola 180. Niliigeuza nikaona nyuma wameandika AC 120 V 60 Hz, nikamuuliza, akasema hiyo si kitu, nitie tu fishi ya kubadilisha. Ya pili ni Yamaha RX-V385, mupya mu karton, ya volti 230, inatoka ngambo ya Gisenyi, dola 340. Bafle za zamani bado niko nazo, nilifikiri nitumie zile zile tusilipe mara mbili.

Nyumba yetu ni ya mbao, chini mawe ya volkano, juu manjanja, saloni kama metre ine kwa tano. Umeme unakuja unaenda. Munishauri, feza hii tumechanga na dada yangu na sipende tuipoteze.

Fundi_Birere (Goma)

Mdogo wangu, mbele ya yote: ile ya 120 usiitie mu prizi ya kwetu ata kwa dakika moja. Fishi inabadilisha miguu tu, umeme unabaki ule ule. Prizi zetu zinatoa 220. Ndani ya ampli kuna transfo kubwa ya shaba na chuma yenye ilitengenezwa kwa 120, ukiipatia karibu mara mbili ile chuma inashiba, inaanza kuvuta umeme bila kipimo, unasikia inanguruma palepale, na kama uko na bahati fuzibo inakatika ya kwanza. Bahati ikikosa, transfo inaungua na kondansateri kubwa zinapasuka. Nimefungua mbili za namna hiyo hapa ku meza yangu mu siku chache hizi. Ile harufu ya vernisi ya transfo yenye imeungua, inabakia mu vidole paka kesho asubui ata ukinawa na sabuni.

Inaweza kutumika, ndiyo, lakini na transfo ya kushusha 220 kuwa 110, na hapana ile kadogo ya mashini ya kunyoa. Soma nyuma ya ampli inakula wati ngapi, uchukue transfo ya kubeba mara mbili. Za 7.1 mingi zinaandika 400, 500, kwa hiyo unaenda ku transfo ya 1000 na ile ni nzito karibu kama ampli yenyewe. Tena Marekani ni 60 Hz, kwetu 50, transfo ya ndani itapata joto kidogo zaidi siku zote. Hesabu mwenyewe: 180, ongeza transfo, ongeza stabilizateri ya kutuliza umeme, umekaribia bei ya ile mupya. Kuna modeli zingine kutoka fabriki ziko na kaklee nyuma kameandikwa VOLTAGE SELECTOR, unageuza na turnavisi paka 220 mbele ya kuitia mu prizi, zile ni sawa. Yako ukiona imeandikwa 120 peke yake, haina.

Ulizia pia kitu kingine ku ile ya okazio: angalia ku HDMI ya kutoka kama wameandika ARC. ARC ilikuja na HDMI 1.4, mwaka 2009. Ampli ya zamani kuliko hapo haipokee sauti ya televizio kupitia waya ileile, utahitaji waya ya optiki juu yake, na muzee atashika telekomande mbili.

Bafle sasa. Geuza moja, soma nyuma wameandika om (Ω) ngapi, utume picha. Om ni vile bafle inazuia umeme, namba ikiwa ndogo ampli inachoka zaidi. Karibu zote za home sinema ya mu karton ni om 3 ao 4, na hizi risiva zinaomba 6 kwenda juu. Mutu anafunga, inaimba vizuri dakika kumi na tano, anafurahi, alafu inazimika na kuandika PROTECT, anakuja kusema nimeuzishiwa kitu kibovu. Ampli haiko mbovu, inajiokoa.

Na mavumbi. Watu wa kwingine hawajue mavumbi ya Goma. Yetu ni ya mawe ya volkano iliyosagwa na magari, iko na ncha, nyeusi, inaingia pahali ata hewa inaingia kwa shida. Nafunguaka ampli ya miaka miwili nakuta imelala juu ya radiateri sawa blanketi, joto haina njia ya kutoka. Kila miezi sita uzime, utoe fishi, uache saa nzima sababu kondansateri zinabakisha umeme, ufungue kifuniko, upanguse na pinselo ya nywele laini, upulize. Kama unaogopa kufungua ulete. Na mende zinapenda sana joto ya transfo, zinazalia mule, nimekutaka mayai yao juu ya plake ya HDMI.

Mama_Nyawera (Bukavu)

Mwanangu wa Himbi, mimi niko nayo hiyo RX-V385, mwaka wa ine sasa, na ninaitumia kila siku, kwaya asubui, televizio magaribi. Nitakuambia vile iko.

Ni 5.1, hapana zaidi. Haina wifi, haina Dolby Atmos ile ya bafle za ku plafo. Iko na Bluetooth, iko na HDMI ine za kuingia na moja ya kutoka yenye ARC. Kwa kazi yako inatosha na inabaki. Wengine wanaidharau sababu ni ya bei ya chini mu ukoo wake, lakini mu saloni ya metre ine kwa tano sijaona siku moja nimevuka nusu ya sauti.

Kwa muzee, kitu cha kufaa ni bafle ya santa, ile ya katikati chini ya televizio. Mu filme ya 5.1 maneno ya watu karibu yote yanapita pale. Televizio yenyewe bafle zake zinaangalia chini ao nyuma, ukutani, ndiyo sababu muzee anasikia matangazo na hasikie mutu. Mimi mama mkwe wangu aliishi kwangu, masikio yake yalikuwa vilevile. Niliingia mu menyu, nikapandisha santa peke yake desibeli 3, zingine nikaacha. Alafu kuna kitu wanaita Adaptive DRC, unawakisha, kinapunguza tofauti: sauti ndogo inapanda, kubwa inashuka, matangazo haipigi tena watu ku kifua. Mama mkwe alirudi ku kiti chake cha zamani karibu na dirisha. Nilikaa nikamwangalia tu.

Jurnali ya kawaida ni stereo, si 5.1. Hapo utaiambia ampli ifungue stereo hiyo ku bafle zote, ku Yamaha utaona majina mbalimbali, jaribu, santa ichukue sauti ya katikati. Usiiache ku Straight, ile inatoa sauti vile imekuja bila kuigawa, kwa jurnali, santa itanyamaza na utafikiri imekufa.

Mu karton utakuta kamikro kadogo keusi, wanaita YPAO. Unakaweka pahali kichwa cha muzee kinakaaka, urefu wa sikio, ampli inapiga sauti ku bafle moja moja na inajipangia yenyewe umbali na nguvu. Mara ya kwanza nilifanya mvua ikinyesha juu ya manjanja, ikanipangia vitu vya ajabu, subwufa ilikuwa inalia sawa ngoma ya harusi. Ngoja asubui mapema, mvua imelala, watoto wamelala, zima frigo kama inavuma. Na nyumba ya mbao inaitika sana sauti nzito, usiweke subwufa mu kona, itatikisa ata sahani za mama ku etajere.

Sasa umeme, na hapa unisikie vizuri sababu nililipa. Huku Bukavu radi ni shida ya kweli, Kabare hapo juu yetu wameipima na satelite, ni kati ya pahali mu dunia radi inapigaka mingi kuliko kwingine. Nilikuwa na stabilizateri, nilikuwa najisikia salama. Siku moja ya mwezi wa kumi na moja, mvua ya saa tisa, radi ikapiga karibu ya kanisa, dekoderi ikanyamaza na HDMI moja ya ampli ikanyamaza pamoja. Stabilizateri ilikuwa mzima kabisa. Fundi wangu akanionyesha njia: haikupitia mu prizi, ilishuka na waya ya parabole, ikaingia mu dekoderi, ikatoka na HDMI ikaingia mu ampli. Toka siku hiyo, mawingu ikifunga tu, natoa prizi na natoa pia waya ya parabole kwa mkono, naiweka chini mbali. Watoto wangu wote wanajua, ata wa miaka nane.

Mtu_wa_Ndosho (Goma)

Mi nasema kwa muzee mmoja na jurnali, nunua saundiba moja, ile bafle ndefu ya kuweka chini ya televizio, yenye iko na HDMI ARC, unatia waya moja, mambo imeisha. Kwa nini kujisumbua na bafle tano na waya ku mbao zote? Nilinunua ya dola 150, mwaka wa pili, hakuna shida.

Mama_Nyawera (Bukavu)

Ndugu wa Ndosho hajakosea. Ikiwa ni muzee peke yake na saloni ndogo, saundiba inaweza. Mimi nilikataa sababu ikikufa sehemu moja umetupa yote, ampli unabadilisha bafle moja na unaendelea. Na mwanangu achague yenye iko na santa ya kweli ndani, 3.1, si 2.0, sababu 2.0 inarudia shida ileile ya televizio.

Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)

Jambo yenu bote. Mi niko Lubumbashi, ku Kamalondo, na niko na Sony STR-DH590, ile ya 5.2, ilipitia ku mupaka wa Kasumbalesa, na mbele ya ile nilikuwa na ingine ya okazio, jina sitataya, kwa hiyo niseme juu ya zote mbili.

Kwanza juu ya wati sababu batu benye kuuzisha banatudanganyaka na ile namba. Ku Sony baliandika 145 wati, ku karatasi ya Yamaha RX-V385 utaona 70, na mutu anasema basi Sony iko na nguvu mara mbili, hapana, haiko vile. Ile 145 balipima bafle moja peke yake, om 6, sauti moja tu ya 1 kHz. Ile 70 balipima bafle mbili pamoja toka 20 Hz paka 20 kHz, sauti nzito paka nyembamba yote. Ukizipima kwa njia moja zinakaribiana. Usilipe dola 80 zaidi juu ya namba ya mu karton, lipa juu ya bafle.

Sasa mambo yangu. Ile ya kwanza niliiweka mu meble mzuri sana, menizie alinitengenezea na mbao ya mulinga, kioo mbele, nikafunga kioo sababu ya mavumbi na watoto. Mwezi wa kumi huku kwetu ni joto kabisa, mvua haijaanza, tulikuwa tunaangalia mechi ya Mazembe, saloni imejaa, bamoja bamesimama ku mulango, dakika ya sabini na kitu sauti ikakatika. Nikaiwakisha, dakika mbili, ikakatika tena. Nikaweka mukono juu ya kifuniko nikautoa mbio. Ampli hizi zinatoa joto ata kama sauti iko chini, hewa inaingilia chini na kutokea juu, ukiifungia mu kasanduku inajipika. Na mi niliongeza kosa: nilikuwa nimefunga bafle mbili za om 4 ku kila upande, sambamba, inakuwa om 2. Batu balimaliza mechi na redio. Nyuma ya miezi mitatu ikakufa kabisa na sikuweza kulaumu mutu.

Na hii Sony niko naiweka wazi, juu ya meza, hakuna kitu juu yake, hapana kitambaa, hapana dekoderi. Kutoka kifuniko paka ubao wa juu kuko nafasi ya mikono miwili. Tena niliacha nafasi na pande mbili. Mwaka wa tatu, iko vuguvugu tu.

Kitu ingine sijaona mutu amesema: onduleri, ile inageuza umeme wa batri kuwa wa prizi. Umeme ukikatika batu benye kuwa na pano na batri banaendelea na televizio. Nilitia Sony ku onduleri ya bei ya chini ikaanza kunguruma ndani, mmmmm, ata sauti ikiwa ku sufuri. Onduleri zile hazitoe umeme laini, zinatoa wa ngazi ngazi, na transfo ya ampli haipende, inapata joto bule. Ukitaka kuitumia na batri tafuta onduleri yenye bameandika pure sine, ao uachilie ampli, usikilize na bafle za televizio paka umeme urudie. Na kama uko na ile ya pure sine, usiogope kwamba itamaliza batri haraka: RX-V385 bameandika 260 wati nyuma, ile ni mu kazi nzito, ukisikiliza jurnali taratibu inakula kidogo sana kuliko ile.

Alafu mudogo wangu, tumia HDMI ARC, usipite ku optiki kama hauna lazima. Optiki inapitisha Dolby Digital ya kawaida na stereo, inatosha kwa jurnali, lakini na HDMI muzee anawakisha televizio na ampli inawaka yenyewe, sauti anapandisha na telekomande ileile ya televizio. Unaingia mu menyu ya televizio unawakisha CEC, ile inaacha televizio iamrishe ampli, kila fabriki inaipatia jina yake. Kwa mutu wa miaka 71 ile njo kitu kubwa kuliko wati yote.

Kijana_Himbi (Goma)

Asanteni sana, kweli. Nimesoma yote kwa sauti mbele ya dada.

Yaya fundi, niligeuza bafle ya zamani, nyuma ku karatasi ya fedha wameandika 3 Ω, na fishi zake ni za rangi, za plastiki, haziingie ku kitu kingine. Zote tano vile. Kwa hiyo nilikuwa karibu kuua ampli mupya na bafle za bure.

Niliazima multimetre ya jirani, ile ya manjano, nikapima prizi ya saloni siku tatu. Asubui saa moja 224. Saa sita ya muchana 218. Saa moja ya magaribi, wakati kila mutu anapika na anawakisha, siku ya kwanza 183, ya pili 176, ya tatu 171, na nilivyokuwa nashika zile sindano namba ilikuwa inacheza, 171, 174, 169. Alafu umeme ukakatika, na wakati ulirudia, nilikuwa bado nimesimama pale, ikaonyesha 247 kwa kitambo kidogo mbele ya kushuka ku 220. Sikujuaka kama tunaishi na kitu kama hicho mu ukuta. Home sinema yetu ya zamani ilikuwa ku ile prizi, miaka miwili, bila kitu katikati.

Okazio ya Marekani nimeiacha. Maswali yangu sasa: stabilizateri ya ukubwa gani, na kwa kuanza naweza kufunga bafle tatu tu, mbili za mbele na santa? Feza haifike kwa tano.

Fundi_Birere (Goma)

Umefanya kazi nzuri ya kupima, watu wachache wanafanyaka. Ile 247 njo inauaka. Umeme kushuka unachosha ampli, umeme kurudia na kishindo unaivunja.

Stabilizateri: chukua ya 2000 VA, mu hesabu yangu naitumiaka kwa nusu ya yenye imeandikwa, televizio, dekoderi na ampli zitapumua. Angalia vitu viwili mbele ya kulipa. Kwanza soma inakubali kuanzia volti ngapi, zingine zinaanza ku 180 na kwako wewe magaribi ni 171, itakuwa inakuzimia kila siku saa ya jurnali, tafuta yenye inaanza 140. Pili iko na delai, kaklee kenye kimeandikwa sekonde 6 ao dakika 3, uweke ku dakika 3. Umeme ukirudia inangoja, kile kishindo kinapita, njo inafungua. Muzee atangoja dakika tatu, muelezee mapema asifikiri imekufa.

Bafle tatu ni sawa kabisa. Utaiambia ampli mu menyu kwamba za nyuma hakuna, subwufa hakuna, itatuma kila kitu ku zile tatu, hakuna neno linapotea. Utaongeza kidogo kidogo. Bafle za mbele za okazio si mbaya, nazipendaka kuliko mupya za plastiki, lakini tikisa koni na kidole taratibu, sikia kama inakwaruza, na ukunje ile mpira ya pembeni, kama inavunjika sawa mukate mukavu acha. Santa usome om 6 ao 8.

Waya: nunua ya shaba, milimetre 1,5 inatosha kwa metre zako, hapana ile nyembamba ya nyekundu na nyeusi. Na hapa naomba uende polepole. Unachuna sentimetre moja tu, unapota nyuzi zote ziwe moja, unaingiza, unakaza, alafu unainama na tochi unaangalia. Uzi mmoja tu wa shaba, mwembamba sawa nywele, ukitoka na kugusa ile ya jirani, ampli inazima palepale. Wiki mbili zilizopita baba mmoja aliniletea yake kutoka Sake, njia yote ile, ameifunga mu blanketi, anaomba nibadilishe plake. Nilikuta uzi mmoja kati ya nyekundu na nyeusi ya kushoto. Niliutoa na pense, ikaimba. Sikumuomba kitu. Nyekundu ku nyekundu, nyeusi ku nyeusi, pande zote mbili, ukigeuza moja sauti inakuwa tupu katikati na maneno yanapotea, na maneno njo unayatafuta.

Usitie prizi mbele ya kumaliza waya zote.

Mama_Nyawera (Bukavu)

Santa uiinamishe kidogo, pua yake iangalie uso wa muzee, hapana magoti. Mimi nilitia kipande cha raba ya kandambili chini yake mbele. Na usiiingize ndani ya etajere, ilete paka ku mupaka wa ubao.

Kijana_Himbi (Goma)

Nimerudi. Ilichukua wiki tatu.

Tulinunua RX-V385, stabilizateri yenye inaanza 140, santa mupya ya om 6, na bafle mbili za okazio za om 8, za mbao, nilitikisa koni vile yaya fundi alisema na nilikataa pare mbili mbele ya kupata hizi. Dada aliongeza dola 60 yake. Nilifunga waya siku ya mungu nyuma ya kanisa, na tochi ya telefone mu meno, santa nilirudilia mara mbili sababu nyuzi zilikuwa zinatoka. Kamikro nilikaweka ku kiti cha muzee saa kumi na mbili ya asubui, ilipanga yenyewe, alafu nilipandisha santa desibeli 3 sawa mama wa Nyawera, na hiyo Adaptive DRC. CEC iliniletea shida, televizio ilikuwa inakataa kuiwakisha, paka nilihamisha waya ku HDMI ya televizio yenye imeandikwa ARC, nilikuwa nimeitia ku ya jirani.

Saa moja na nusu umeme ulikatika, ukarudia, tukangoja zile dakika tatu, muzee akihesabu na saa ya mukono. Jurnali ilipoanza alikuwa bado ameweka kiti pale mbele, karibu, vile amezoea. Katikati akasimama bila kusema kitu, akavuta kiti nyuma, akavuta tena, paka ku ukuta, akakaa na mikono mu mapaja. Alinijibu mimi mbele nimuulize: bei ya mafuta imepanda, umesikia?

Mama wa Nyawera, leo mawingu ilifunga toka upande wa Nyiragongo na nilitoa waya ya parabole.

Yaya fundi, bafle ya kuume inafika vizuri lakini ya kushoto waya imebaki fupi, imevutika sana ku kona ya mulango na watu wanaikanyaga. Niiunganishe na kipande kingine nifunge na skoch, ao nikuje kesho unikatie metre sita nzima?

Fundi_Birere (Goma)

Usiunganishe pahali watu wanakanyaga. Kuja kesho mbele ya saa ine, nitakukatia sita.